Nani Ameonja Bomba la Mawe?

Katika Arua nzima, kuanzia Vurra ambako malori yanasubiri forodha hadi Manibe ambako watu wanalima mihogo, hutapata mwanamume asiyejua wivu kama mimi. Wivu hauniwezi. Rafiki akinunua pikipiki mpya, mimi ndiye wa kwanza kuizunguka na kuisifu. Akioa, mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti harusini na kuwachekesha wakwe. Uliza mtu yeyote pale kwenye barabara ya maduka ya zamani: Obeti fundi simu, yule wa utani, ana moyo gani? Utaambiwa mweupe. Uliza yeyote umtakaye, isipokuwa Hajji Sule wa Koboko. Huyo ana mambo mengi, mwache auze vitunguu vyake.

Kibanda changu kinatazamana na bomba la mawe. Zamani, maduka ya barabara ile yalipokuwa ya Wahindi, mmoja wao alijenga pale kwenye kona nguzo ya mawe yenye kifua kipana, akaweka bakuli la shaba juu yake, ili mpita njia yeyote anywe bure. Ulikuwa unabonyeza kitufe, maji yanaruka kama uzi, wewe unainama na kuyapokea kwa mdomo, bila kikombe. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa. Mimi sikuwahi kuyaona. Tangu nilijue bomba lile, bakuli lake lilikuwa mahali pa kutupia maganda ya miwa, kifua chake mahali pa kubandika picha za wagombea, na kivuli chake makao ya mbuzi mmoja ambaye mwenyewe hajulikani mpaka leo.

Kando ya bomba, chini ya mwavuli mkubwa, Eyotaru anauza chai na mandazi. Hapo ndipo penye habari yenyewe. Mimi na Eyotaru tulikuwa na mambo yetu. Mambo yenyewe yalikuwa hivi: mimi nasema, yeye anacheka. Asubuhi kabla sijafungua kibanda nimeshamchekesha. Mchana, simu ya mtu ikiwa imefumuliwa mezani, nimemchekesha tena. Ana kicheko kinachoanzia mabegani, halafu kinafika usoni kimechelewa. Nilikuwa nimepanga kwamba siku moja nitamwambia neno la maana. Tatizo ni kwamba ukishamzoesha mtu kucheka, ukija na neno la maana naye anacheka tu, sasa hapo utafanya nini? Kwa hiyo nilikuwa nangoja siku nzuri.

Badala ya siku nzuri akaja Dieumerci.

Arua ilikuwa imeshapewa jina la jiji, na wenye maduka wakaona jiji haliwezi kuwa na bomba linalokaliwa na mbuzi. Wakaunda kamati, wakaita fundi kutoka Kongo. Akaingia kwa njia ya Vurra na mfuko wa vyuma begani, kijana mrefu, shati limepigwa pasi, anavumisha nyimbo za kanisa puani. Siku ya kwanza alimwondoa mbuzi kwa heshima, kama anamwomba radhi, halafu akaanza kusugua mawe kwa brashi.

Nikaona nimkaribishe kwa desturi yangu.

"Fundi," nikamwita kutoka kibandani, "hiyo bomba ilikufa mama yako hajaolewa. Unataka kufufua maiti?"

Akageuka, akatabasamu. "Kaka mukubwa, haikufa. Imenyamaza tu. Hapa kwenu mutu akinyamaza munamuzika?"

Mabega ya Eyotaru yakaanza. Nikayaona kwa macho yangu mawili. Mabega, kisha uso. Kicheko kile nakijua, nimekilea mwenyewe tangu kikiwa kifaranga, na sasa kinakwenda kutagia kwa jirani.

Sikuona wivu. Niliona joto tu. Ilikuwa kiangazi.

Kisha ikaja habari ya tangawizi. Chai ya Eyotaru inajulikana mjini kwa tangawizi. Ukiinywa masikio yanafunguka. Asubuhi moja nikaonja yangu, nikakuta maji ya moto yenye rangi.

"Eyotaru, dada yangu, tangawizi imekwisha sokoni?"

"Iko."

"Iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Dieumerci alikuwa amekaa juu ya mawe yake, kikombe mkononi, machozi yanamtoka kwa ukali wa tangawizi, na amefurahi kama mtoto.

"Yule anainua mawe," Eyotaru akasema. "Wewe unainua nini? Bisibisi."

Nikacheka. Mtu asiye na wivu anacheka. Nilicheka nikarudi kibandani nikaunguza simu ya mwalimu mmoja, tena simu iliyoletwa kwa ajili ya kioo tu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Dieumerci alinipenda. Utani wangu ulimfikia pole pole, kwa sababu ya Kiswahili chake cha kwao, lakini ukimfika alicheka kuliko watu wote, wakati wenzake wameshamaliza. Mlango wa kibanda changu ulikuwa unalia tangu mvua za mwaka jana. Akaja na mafuta akaunyamazisha bila kuombwa. Akaniita kaka mkubwa mbele za watu. Mtu kama huyo utamchukia vipi kwa raha? Inabidi ujitahidi. Nami nilijitahidi.

Kazi ya bomba ilipokaribia kwisha, Eyotaru alivuka barabara akanifuata kibandani, jambo asilolifanya mara nyingi. Akaniambia shangazi yake wa Koboko amechoka miguu, hawezi tena kusimama na sufuria. Anamwachia mgahawa wake pale sokoni. Angehamia huko baada ya Jumapili.

"Jumamosi utanisaidia kubeba vyombo?" akauliza.

"Nitabeba hata shangazi."

Mabega, kisha uso. Nikapata moyo. Koboko si mbali, njia ni lami tupu. Nikifunga kibanda mapema nitakuwa huko jioni haijaingia. Tena Koboko hakuna Mkongo wa tangawizi. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi nikatengeneza simu mpaka ikapona.

Jioni ileile Dieumerci akaja kuchaji simu yake.

"Kaka mukubwa, uniombee," akasema. "Watu ya soko ya Koboko wanataka bomba kama hii. Mukubwa yao, Hajji Sule, atakuja kuangalia. Akikuta watu ya Arua wanakunywa, mimi nahamia Koboko, nawajengea yao. Akikuta hawakunywe, narudi kwetu."

"Koboko," nikasema.

"Koboko, eh. Eyotaru anasema ni muji muzuri."

Alisema hivyo akitafuta tundu la chaja, na mimi nikamtazama Eyotaru ng'ambo ya barabara. Alikuwa anasugua birika ambalo lilikuwa limeshang'aa zamani.

Usiku ule sikupata usingizi. Joto.

Maji yalifunguliwa Alhamisi alasiri. Watu wakajaa kona nzima: wa boda, wenye maduka, akina mama wa soko, wanafunzi waliotumwa mahali pengine. Dieumerci akabonyeza kitufe. Bomba likakohoa, likatema kutu, likakohoa tena, halafu maji yakaruka, membamba, meupe, yakapinda hewani na kurudi bakulini. Watu wakapiga makofi. Hata mbuzi alikuja kutazama nyumba yake ya zamani. Dieumerci akainama akanywa, akainuka kidevu kinachuruzika, akafungua mikono. "Karibuni."

Kundi zima likasogea. Ndipo mimi, kwa sauti yangu ile ya harusini, nikauliza, "Nani ameonja?"

Ngoja nikueleze kama wewe si wa kwetu. Kwetu mtu hapewi maji hivihivi tu akanywa. Anayeyaleta hupiga magoti, hunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa kikombe. Zamani, wanasema, ilikuwa ni kwa sababu ya sumu. Siku hizi ni adabu, ingawa sumu nayo hatujaisahau kabisa. Na anayeonja ni mwenye nyumba. Mgeni hawezi kuwaonjea wenyeji. Hiyo ni kuvaa suruali kichwani.

"Fundi si ameonja?" mmoja wa boda akasema.

"Fundi ni mgeni wetu," nikajibu. "Tunamheshimu sana. Lakini mwenye nyumba hapa ni nani? Nguzo? Nani amepiga magoti? Mimi naona ni sisi tunaambiwa kuinamia jiwe."

Wakacheka. Lakini Mama Annet, muuza nyanya ambaye alikuwa mbele kabisa na mdomo ameshautayarisha, akarudisha mguu nyuma.

"Huyu anacheza, lakini iko kweli," akasema. "Mtoto wa hapa aonje kwanza."

"Mtoto gani?" mtu akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu wa swali langu. Anayeonja ndiye anayebeba. Mtu yeyote akiumwa tumbo baada ya hapo, hata kama alikula embe bichi, atakwenda kugonga kwa yule aliyeonja. Kila mtu akamtazama mwenzake. Mwenyekiti wa kamati akakumbuka ana mteja dukani. Watu wakatawanyika kwa adabu, mmoja mmoja, kama wanaotoka msibani, wakamwacha Dieumerci amesimama na maji yake yanaruka.

Hakuelewa. Alitazama kitufe, akatazama maji, akadhani ni kazi yake yenye kasoro. Akatoa spana akaanza kulifungua tena bomba zima.

Ijumaa swali lilikuwa limeshakuwa la mtaa. Mtu anakuja na kiu yake, anasimama mbele ya bakuli, anageuka kumuuliza aliye karibu: nani ameonja? Hakuna. Basi anakwenda kununua soda. Mimi nilikuwa nimeinamia simu zangu, sisemi kitu. Sikuwa na haja ya kusema.

Jumamosi nikabeba vyombo. Masufuria, birika la akiba, viti viwili vya plastiki, na Eyotaru amenyamaza njia yote mpaka Koboko. Nilitoa utani wangu mzuri wote, hata ule wa padri na kuku ambao haujawahi kukosa. Alikuwa anatazama mashamba.

Shangazi yake alitupokea mlangoni mwa mgahawa. Alikuwa mama mnene mwenye magoti mabovu, na nilijaribu kumzuia, lakini akayakunja magoti yale hivyohivyo, pole pole, akishika ukuta. Akanywa funda moja, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Maji yalikuwa ya jerikeni, yameletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Lobule. Yalikuwa vuguvugu na yananukia plastiki. Nikanywa yote. Eyotaru alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha shangazi yake, na mimi nikatazama ndani ya kikombe muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kabla hatujamaliza kupanga vyombo akaingia mzee mpana wa kanzu, akaomba chai na maji pamoja, kama mtu ambaye kiu yake haitoshelezwi na kimoja. Shangazi akasema, "Hajji, huyu kijana ametoka Arua. Kibanda chake kiko mbele ya ile bomba."

Hajji Sule akanigeukia kwa furaha. "Eh. Niambie wewe, basi. Watu wanakunywa?"

Sikumfuata mimi. Naomba hilo lieleweke. Ni yeye aliyeniuliza.

"Hajji, bomba ni zuri," nikasema. "Fundi ni mzuri sana, tena ni rafiki yangu. Swali ni moja tu."

"Lipi?"

"Nani ameonja?"

Akaweka kikombe chini. "Hakuna mwenyeji ameonja?"

"Mpaka leo, hakuna."

Akafikiri, akipapasa tumbo. "Hilo ni swali la maana, kijana. Angalia hawa mama zako hapa sokoni, wanabeba maji kwa kichwa na kuyanunua kwa baiskeli. Nikiwaletea nguzo ambayo watu wanaiogopa, nimewaletea nini? Pambo. Nitakuja mwenyewe kuona. Nikikuta mwenyeji anakunywa, fundi ahamie hapa hata kesho. Nisipokuta, aende kwao kwa amani."

"Utakuja lini, Hajji?"

"Nikipata nafasi," akasema, akamaliza vikombe vyote viwili.

Eyotaru akanivuta nyuma, penye mafiga.

"Obeti. Hiyo unafanya ni utani?"

"Ni swali tu."

"Wewe ni mtoto wa Arua. Onja wewe."

"Mimi? Tumbo langu ni mali ya ukoo, siwezi kulifanyia majaribio bila kikao."

Mabega hayakutikisika.

"Kesho watu wakitoka kanisani," akasema, "simama pale, uonje mbele yao. Watu wanakusikiliza wewe, sijui kwa nini. Mimi nakuomba."

Hajawahi kuniomba kitu zaidi ya kubeba vyombo. Ningesema ndiyo, yote yangekwisha. Lakini nyuma yake niliona mlango wa mgahawa, na nje ya mlango uwanja wa soko, na katikati ya uwanja nikamwona tayari yule mrefu anasugua mawe yake, puani mwake wimbo, mkononi kikombe, na tangawizi ya Koboko nzima imo ndani ya kikombe kile.

"Dada, siwezi kuinamia jiwe," nikasema.

"Sawa." Akachukua ufagio. "Na kuanzia leo niite Eyotaru. Mimi siyo dada yako."

Maneno hayo nimeyageuzageuza sana tangu wakati huo. Yana pande mbili, na siku ile nilishika upande mbaya.

Jumapili nikaenda kanisani na njaa, nikiwa nimekula tu kiporo cha enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki mkavu aliyekolea chumvi. Eyotaru alikuwa amerudi Arua kuwaaga wanakwaya wenzake. Na kwaya, kwa sababu imekosa sauti nzito, ilikuwa imemwazima Dieumerci. Wakasimama bega kwa bega. Kitabu kimoja cha nyimbo, vichwa viwili. Yule aliyekuwa anavumisha puani kumbe ana sauti, na sauti yenyewe ikashuka chini mpaka viti vikatetemeka. Mama mmoja mbele yangu akafuta machozi. Mimi nilitafuta kosa katika wimbo mpaka ubeti wa mwisho. Sikulipata. Nikatoka nje.

Jua lilikuwa limesimama juu ya lami. Chumvi ya samaki ilikuwa imenishika kooni. Nikatembea mpaka barabara ya maduka ya zamani, nikakuta milango yote imefungwa, hakuna boda, hakuna mtu. Hata mbuzi hakuwepo. Mwavuli wa Eyotaru ulikuwa umelazwa ubavu kando ya bomba, kama anavyoufanya asipokuwa kazini. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Arua yote ilikuwa kanisani.

Nilijiambia ninakwenda kukagua tu. Mtu akikataa kitu ni vizuri ajue anakataa nini.

Nikabonyeza kitufe, nikainama.

Sijui yule Mkongo aliyapitisha wapi maji yale chini ya mawe. Yalikuwa baridi kama yaliyolala mtungini, laini, hayana kutu wala plastiki, yananigonga kwenye meno kwa upole. Nikanywa. Nikainuka nikapumua, nikanywa tena. Nikaweka uso mzima. Shati likalowa mpaka kiunoni na sikujali. Niliponywa kwa mara ya mwisho, nikaikumbatia ile nguzo ya mawe, shavu juu ya bakuli, nikaliambia bomba maneno mawili matatu, ambayo ni kati yangu na bakuli.

"Karibu tena, kijana," sauti ikasema.

Mwavuli ukainuka. Nyuma yake, kwenye kiti cha Eyotaru, alikuwa amekaa Hajji Sule, kanzu nyeupe, viatu pembeni, karatasi ya karanga mapajani.

"Hajji," nikasema. "Leo ni Jumapili."

"Najua."

"Watu wako kanisani."

"Watu wenu wako kanisani. Mimi niliswali Ijumaa, na alfajiri ya leo pia. Jumapili ndiyo siku yangu nzuri ya kuja Arua, hakuna wa kunigonga na boda."

Nimekaa mtaa mmoja na msikiti maisha yangu yote. Adhana ndiyo saa yangu ya kuamka. Na siku ile, kati ya siku zote, nikaihesabu Arua nzima kuwa ni Wakristo.

"Nilikuwa naangalia kama inavuja," nikasema.

"Kwa mdomo?"

"Ndiyo njia ya kienyeji."

"Umeangalia sana." Akavaa viatu, akaja. Akanitazama kuanzia nywele zinazochuruzika. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Manibe."

"Na baba yako?"

"Manibe."

"Basi mwenye nyumba ameonja," akasema, akakunja mikono ya kanzu, akataja jina la Mungu, akainama. Alikunywa kama mtu aliyeanza safari na kiu tangu Koboko. Alipoinuka alifunga macho kidogo, akamshukuru Mola, akafuta ndevu.

Hapo ndipo kanisa lilipotoka. Nikawasikia kabla sijawaona, kwaya mbele na majoho yao, watu nyuma, wote wanakata kona ile kwenda nyumbani. Ningekimbia, lakini Hajji alikuwa ameshanishika mkono, kirafiki kabisa, kama anayemsindikiza bwana harusi.

"Njooni," akawaita. "Mlikuwa mnauliza nani ameonja. Huyu ameonja."

Macho yote yakaja kwenye shati langu.

"Obeti?" Mama Annet akasema. "Obeti huyuhuyu wa swali?"

"Huyuhuyu. Mimi shahidi."

"Haya. Tumbo langu likiuma nakuja kulala kwako, na watoto wote." Akampa mwenzake Biblia ashike, akainama, akanywa. Akainuka, akainama tena. Nyuma yake foleni ikaanza kujipanga, wa boda na majoho ya kwaya pamoja, kila mmoja akinitajia tumbo lake kama anayeniandikisha.

Dieumerci alipofika mbele yangu hakusema utani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kaka mukubwa, nilijua," akasema. "Nilijua wewe utanisaidia." Kisha akaenda kuonyesha watoto namna ya kubonyeza kitufe.

Eyotaru alikuja mwisho. Alisimama akatazama kola yangu, vifungo, mkanda, mpaka viatu vilivyojaa maji.

"Umeonja," akasema.

"Nimeonja."

"Watu walikuwa bado kanisani."

"Sikuweza kungoja."

"Kwa sababu mimi nilikuomba?"

Alikuwa ameuliza kwa sauti ndogo, na usoni kwake palikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona, siyo kicheko, kitu kilicho jirani na kicheko. Siku nzuri niliyokuwa naingoja imekuja yenyewe, imesimama mbele yangu na joho la kwaya. Nikavuta pumzi.

"Kwa sababu uliniomba," nikasema. "Nilifikiri juu ya wale mama wa Koboko. Nikasema, wivu ni wa nini? Ndugu yetu apate kazi."

Macho yake yakalainika.

"Binti yangu," Hajji Sule akasema kutoka kitini, maana alikuwa amerudi kwenye karanga zake, "wewe ndiye Eyotaru, au siyo? Nisaidie jambo moja. Habari ya tangawizi ni nini?"

"Tangawizi gani, Hajji?"

"Nami sijui. Huyu kijana alipomaliza kunywa alikumbatia nguzo, nikadhani ndiyo sala ya kwenu. Akaiambia, 'Dieumerci, shetani mrefu wewe, maji matamu namna hii, hata mimi ningekuwa Eyotaru ningekupa tangawizi yote. Lakini rudi kwenu, Eyotaru ni wangu, ila tu sijamwambia.'"

Kijana aliyekuwa ameinama bombani akabaki ameinama, maji yanamwingia puani. Mimi nikatazama mabega ya Eyotaru, nikangoja, nikayaomba kwa moyo wote yaanze. Hayakuanza.

Hajji akamenya karanga nyingine, akanigeukia bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa biashara.

"Sasa atakuwa wako vipi," akauliza, "na hujamwambia?"